Wanne Wakikaa Mraba

Jua la saa tisa, nje ya soko la Kongowea, Mombasa. Mama mmoja anatoka sokoni, nyuma yake kibarua amejitwika gunia la viazi, na wote wawili wanatafuta tuktuk. Iliyo karibu nao ndiyo ya mwisho kwenye mstari. Kijana aliye ndani ameshaliona gunia na ameshasikia safari ni ya Bombolulu, safari nzuri isiyokuwa na foleni saa hizo. Angeweza kumpakia mama wa watu na kuondoka kabla wenzake hawajageuza shingo.

Hakumpakia. Alinyoosha mkono mbele akasema, "Mama, mwenye zamu ni yule wa kwanza. Nenda kwake."

Siku chache baadaye nilimwona kijana huyo huyo upande wa pili wa daraja la Nyali, kisiwani, kwenye steji nyingine. Matatu ilikuwa inashusha. Alikimbia akawapita wenzake, akashika begi la abiria kabla abiria mwenyewe hajakanyaga chini, na dereva mwingine akawa amelishika begi hilo kwa upande wa pili. Wakavutana. Aliyeshinda ni yeye.

Nilimngoja arudi, nikamuuliza. Ananijua, nimemsomeshea mdogo wake hesabu.

"Mwalimu, kule tuko wachache na tunajuana. Huku ukingoja zamu utarudisha gari bila hesabu ya mwenyewe."

Akaondoka na abiria mwingine. Mimi nikabaki na neno lake, na likanikaa kichwani wiki nyingi.

Kwa sababu sisi tuna maelezo tuliyoyazoea. Tunasema vijana hawakulelewa. Tunasema mji umeharibika, wageni wamekuwa wengi, dini imepungua. Maelezo yote hayo yanaiweka tabia ndani ya mtu, kana kwamba amezaliwa nayo au amenyweshwa na mamake. Lakini huyu ni mtu mmoja, mama mmoja, madrasa moja, na siku hiyo hiyo anaweza kuwa muungwana asubuhi na mnyakuzi jioni. Kilichobadilika ni waliomzunguka tu.

## Hesabu inayomtaka kila mtu anyakue

Chuoni tulisomeshwa nadharia ya michezo, yaani hesabu ya maamuzi ambayo faida yako inategemea na wenzako wanaamua nini. Tulisomeshwa kwa haraka, karibu na mtihani. Mwaka 1950 Merrill Flood na Melvin Dresher, waliokuwa wakifanya kazi katika shirika la utafiti la RAND huko California, walitunga mchezo wa watu wawili. Albert Tucker, mwanahisabati wa Princeton, akautungia hadithi ya wafungwa wawili wanaohojiwa kila mmoja chumba chake, ndipo ukaitwa mtanziko wa mfungwa.

Hapa kwetu wafungwa hatuwahitaji, tuktuk zinatosha. Madereva wawili wakishika zamu, kila mmoja anapata riziki yake bila kelele. Mmoja akishika zamu na mwenziwe akinyakua, mnyakuzi anapata zaidi na aliyengoja anaondoka mikono mitupu. Wote wakinyakua, wote wanachoma mafuta kwa kuzunguka, wanashushiana nauli na wanaishia kugombana. Ukitazama hesabu ya mmoja mmoja, kunyakua kunalipa zaidi mwenzako awe amefanya lolote lile. Ukitazama hesabu ya wote, kushika zamu ndiko kunakolipa.

Mwaka 1973 John Maynard Smith na George Price wakaipeleka nadharia hii kwa wanyama, na hapo jambo kubwa likabadilika: mchezaji halazimiki kufikiri. Tabia inayoleta faida huacha watoto wengi, isiyoleta hupotea. Kwa binadamu si lazima kungoja kuzaana, kwa sababu tunaigana. Ukimwona jirani anafanya vizuri kwa njia fulani, kesho unaijaribu.

Sasa chukua kundi ambamo yeyote anaweza kukutana na yeyote, kwa bahati tu. Wanyakuzi watapata zaidi kila siku, wataigwa kila siku, na washirika, yaani wale wanaoshika zamu, watakwisha. Hesabu yenyewe ni fupi, inaenea nyuma ya bahasha, na haina huruma.

Ndivyo nilivyosoma. Na kila adhuhuri, pale Kongowea, madereva wa tuktuk walikuwa wanaipinga bila kujua.

Najua jibu ambalo wengi hulikimbilia: watu wakikutana tena na tena hukumbukana. Robert Axelrod aliandaa mashindano ya programu za kompyuta zilizocheza mchezo huu tena na tena, na ile iliyoshinda, iliyoletwa na Anatol Rapoport, ilikuwa na kanuni nyepesi kabisa: anza kwa wema, kisha mfanyie mwenzako alivyokufanyia mara iliyopita. Ni jibu zuri kwa watu wawili. Lakini kwenye ile steji ya kisiwani madereva nao wanakutana kila siku. Ukinyakuliwa na mmoja kati ya wengi, leo unamlipiza nani? Ukinyakua ili umtie adabu yule aliyekuudhi, anayeumia ni aliyekuwa mbele yako kwenye mstari, ambaye hajakukosea kitu.

## Penseli na karatasi ya miraba

Mwaka 1992, Martin Nowak na Robert May, wakiwa Oxford, walichapisha kazi fupi katika jarida la Nature. Walichokifanya ni kuwaondoa wachezaji kwenye kundi la kukutana kibahati na kumpa kila mmoja mahali pake pa kukaa. Mchezaji ni mraba mmoja kwenye karatasi ya miraba. Anacheza na majirani wake wanane tu, na katika hesabu yao alijihesabu na mwenyewe. Mshirika hupata pointi 1 kwa kila mshirika anayecheza naye. Mnyakuzi hupata pointi zaidi ya 1 kwa kila mshirika anayemnyonya, na hapati kitu kutoka kwa mnyakuzi mwenziwe. Mwisho wa raundi kila mmoja anatazama majirani wake na nafsi yake, anamwiga aliyepata nyingi zaidi. Basi. Hakuna kumbukumbu, hakuna kulipiza, hakuna hofu ya Mungu wala ya askari.

Hii haihitaji kompyuta. Nilichukua daftari la hesabu, penseli na kifutio, nikaketi barazani. Nilichagua mnyakuzi apate 1.9.

Nilianza na dunia ya wanyakuzi watupu na mshirika mmoja katikati. Anapata 1, pointi yake mwenyewe. Majirani wake wanapata 1.9 kila mmoja kwa kumla yeye. Raundi ya pili hayupo.

Washirika wawili waliokaa bega kwa bega: kila mmoja ana 2, lakini mnyakuzi anayewapakana wote wawili ana 3.8. Wamekwisha.

Watatu nao, ukiwapanga kwa mstari au kwa pembe, wanakwisha.

Wanne, wakikaa mraba, ni habari nyingine. Kila mmoja ana wenzake watatu na nafsi yake, jumla 4. Mnyakuzi aliye karibu nao kabisa anawagusa wawili tu, anapata 3.8. Nne ni kubwa kuliko 3.8, kwa kiasi kidogo mno, lakini kidogo hicho kinatosha: kila mnyakuzi aliyewazunguka anageuka. Wanne wanakuwa 16. Raundi inayofuata 16 wanakuwa 36.

Nilirudia hesabu kwa kuwa sikuamini.

Kisha nikageuza: dunia ya washirika watupu na mnyakuzi mmoja katikati. Huyu anakula kwa majirani wanane, anapata 15.2, na hakuna anayemkaribia. Mmoja anakuwa tisa. Wale walio kwenye pembe za kile kiraba cha tisa wanapata 9.5, mshirika aliyestarehe kabisa anapata 9, kwa hivyo tisa wanakuwa 25. Ukiishia hapo utasema dunia imekwisha. Ila raundi inayofuata kuna jambo linatokea katikati ya kila upande. Mnyakuzi wa hapo kazungukwa na wenziwe, ana washirika watatu tu wa kuwanyonya, anapata 5.7. Mshirika anayetazamana naye ana 6. Mnyakuzi anageuka kuwa mshirika. Pembe zinazidi kutanuka huku ubavu umeshaanza kuliwa.

Nowak na May waliipeleka mbele kwa kompyuta, rangi ya samawati kwa washirika na nyekundu kwa wanyakuzi, na ukianza na mnyakuzi mmoja, michoro inayotokea ina mpangilio kama wa leso: mji, pindo, na maua yanayolingana pande zote nne. Ukianza kwa mchanganyiko wa kubahatisha, vurugu haitulii, lakini sehemu ya washirika huja ikakaa karibu na asilimia 32, hata kama mwanzo ulikuwa tofauti.

Kilichonisimamisha ni kwamba hakuna hata mmoja kwenye karatasi ile aliye mwema. Wote wanaiga faida. Wema unaodumu pale unadumu kwa sababu washirika wamekaa karibu, kwa hivyo faida ya wema inawarudia wao kwa wao kabla mgeni hajaifikia.

## Nani kasema sote tunabadilika saa moja?

Nilifurahi siku kadhaa. Nilimwonyesha mwalimu mwenzangu wa bayolojia, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza swali moja: "Hao wa kwenye karatasi wanabadilika wote kwa wakati mmoja?"

Ndiyo. Kengele inalia, wote wanahesabu, wote wanageuka.

Kumbe swali lake lilikuwa limeulizwa zamani. Mwaka 1993 Bernardo Huberman na Natalie Glance walirudia mchezo uleule, ila wakaacha kila mchezaji abadilike kwa saa yake. Michoro ile mizuri ikavunjika na wanyakuzi wakala karatasi yote. Mwaka uliofuata Nowak, May na Sebastian Bonhoeffer walijibu kwamba hata bila kengele washirika huweza kudumu, mradi faida ya kunyakua isiwe kubwa sana. Pande zote mbili zilikuwa na haki katika hesabu zao. Lakini mimi furaha yangu ilipungua, na nadhani ilistahili kupungua. Nne dhidi ya 3.8 ni nafasi nyembamba. Ukisukuma kidogo saa ya mtu mmoja, au bei ya mafuta, ushindi unahamia upande mwingine.

Steji haina kengele. Mmoja ameamka na deni la shule, mwingine amefunga kazi mapema kwa sababu ni Ijumaa. Kila mmoja anafanya uamuzi wake saa yake.

## Mtaro

Shaka ya pili ilinijia nikiwa nyumbani. Nyuma ya nyumba yetu, Majengo, kuna mtaro ambao mvua za masika zikianza hujaa taka na maji yakaingia uwani. Mtaro huo ni wetu na majirani. Hakuna anayeuzibua mpaka maji yafike kwenye kizingiti. Na sisi majirani tunajuana kupita kiasi! Tunajua nani anadaiwa duka gani. Ikiwa ukaribu unazaa ushirika, mtaro ungekuwa safi kuliko sahani.

Christoph Hauert na Michael Doebeli waliliona hili mwaka 2004. Walichukua mchezo unaofanana na mtanziko wa mfungwa lakini wenye tofauti moja: hata nikifanya kazi peke yangu, bado napata faida kuliko sote tukikaa bure. Mtaro ni hivyo hasa. Nikiuzibua peke yangu nimechoka, jirani kastarehe, lakini angalau kitanda changu hakielei. Afadhali zaidi, kwangu, azibue yeye. Kwa hivyo jambo la busara ni kufanya kinyume cha anachofanya jirani: akifanya, nipumzike, asipofanya, nifanye.

Wakaupanga mchezo huo kwenye miraba, kila mtu na majirani wake. Mara nyingi ushirika ulipungua, ukawa chini kuliko ungekuwa watu wakikutana kibahati. Vishada vya washirika haviwezi kukua hapo, maana aliye karibu na mshirika ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kukaa kitako.

Hapo ndipo nilipoacha kupenda sentensi kama "jamii ndogo zina ushirikiano". Inategemea ni kazi gani. Zamu ya tuktuk na mtaro wa nyuma ya nyumba ni michezo miwili tofauti, na ukaribu uleule unaoiponya mmoja unaudhuru mwingine. Nimesikia hotuba nyingi za viongozi wa mtaa zikivichanganya hivi viwili, na mimi mwenyewe nilikuwa nikipiga makofi.

## Wanafunzi 1,229

Miraba ni miraba. Watu je?

Watafiti wa Hispania, wakiongozwa na Carlos Gracia-Lázaro, walichapisha mwaka 2012 jaribio walilofanya na wanafunzi 1,229 wa sekondari katika jimbo la Aragon. Waliwagawa makundi mawili. Kundi moja liliwekwa kwenye miraba, kila mmoja na majirani idadi sawa. La pili liliwekwa kwenye mtandao ambamo wengine wana majirani wengi na wengine wachache. Wakacheza mtanziko wa mfungwa raundi baada ya raundi, kila mmoja kwenye kompyuta yake.

Mpangilio haukuleta tofauti. Makundi yote mawili yalianza na ushirika mwingi, ukashuka, ukakaa mahali pamoja.

Nilipolisoma hilo niliweka daftari langu kabatini. Kila nilichokuwa nimekihesabu barazani kilisimama juu ya dhana kwamba mtu anatazama jirani aliyefanikiwa na kumwiga. Wale wanafunzi hawakufanya hivyo. Faida za majirani hazikuwashughulisha. Kilichowashughulisha ni wangapi waliwatendea wema raundi iliyopita, na wao wenyewe walikuwa katika hali gani: aliyekuwa ametoka kushirikiana alirudia kushirikiana akiona wengi wanafanya hivyo, na aliyekuwa ametoka kunyakua aliendelea kunyakua hata akizungukwa na wema.

Lile la mwisho nililisoma mara nyingi. Mtu akishaanza kunyakua, wema wa majirani haumrudishi.

Nikamfikiria yule kijana wa tuktuk. Hakuniambia, "Nimeona wanyakuzi wanapata zaidi." Aliniambia ukingoja huku utaachwa. Alikuwa anajibu anavyotendewa, na nilipoitazama kauli yake hivyo ikawa na maana ambayo sikuiona mwanzo. Aliposema kule tunajuana, alikuwa ananiambia kwamba kule hana haja ya kuanza siku akiwa ameshakasirika.

## Gawanya, kisha hesabu majirani

Daftari lilitoka kabatini kwa sababu ya hesabu moja ndogo.

Mwaka 2006 Hisashi Ohtsuki, Christoph Hauert, Erez Lieberman na Martin Nowak walitoa kanuni inayoenea kwenye mstari mmoja. Chukua faida anayoipata anayetendewa wema, igawanye kwa gharama ya anayeutenda. Jibu likizidi idadi ya majirani wa kila mtu, ushirika una nafasi ya kushinda.

Tuseme mfereji umekauka, kama unavyokauka mji huu, na jirani ana mtoto mgonjwa. Ndoo ninayompa inanigharimu shilingi 20. Yeye inamwokolea shilingi 100 za kumtafuta muuza maji usiku. Uwiano ni 5. Kama kila mmoja wetu amefungamana na majirani watatu au wanne, desturi ya kupeana maji inaweza kusimama. Kama kila mmoja amefungamana na kumi, itakufa, na itakufa bila mtu yeyote kuwa mbaya kuliko alivyokuwa.

Kanuni hii ina masharti. Inasimama pale ambapo mchezo ni sehemu ndogo tu ya maisha ya mchezaji, na pale ambapo nafasi ikiwa wazi, majirani ndio wanaoshindania kuijaza. Ukibadilisha utaratibu huo, ukaanza na aliyefanikiwa na kumwacha amsukume jirani yeyote, ushirika haupati msaada wowote. Kwa hivyo siichukui kama sheria ya mtaa. Ila mwaka 2014 David Rand, Nowak, James Fowler na Nicholas Christakis waliijaribu kwa watu, na matokeo yakaelekea upande wake: uwiano ulipozidi idadi ya majirani, ushirika ulidumu raundi zote, usipozidi, ulishuka kama kawaida. Ukiwachanganya watu upya kila raundi, ulishuka pia.

Nikarudi kwa wanafunzi wa Aragon nikiwa na jicho jingine. Wale wa kwenye miraba walikuwa na majirani wanne kila mmoja, na kanuni inataka uwiano uzidi idadi hiyo. Sidai kwamba hilo linamaliza ubishi, maana bado ni kweli kwamba watu hawaigi faida kama miraba inavyoiga. Lakini kutoka hapo nilianza kuuliza swali jingine kabisa kuhusu Kongowea. Zamani nilikuwa nauliza ni madereva wa aina gani. Sasa nauliza kila dereva amefungamana na wangapi, na akiondoka leo, kesho atawakuta wale wale?

Majibu yanaonekana kwa macho. Pale sokoni mstari ni mfupi. Wanakaa muda mrefu kivulini wakingoja, wanakunywa kahawa ya birika moja, na anayenyakua ataketi na aliowanyakua mpaka jioni. Mgeni akija na tuktuk yake hapangwi mpaka aulizwe katoka wapi na nani anamjua. Hilo la kumkataa mgeni linaniumiza, kwa sababu wapo vijana wenye haja ambao wanageuzwa pale. Lakini siwezi kujifanya halina kazi. Rand na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 2011 kwamba watu wakipewa uwezo wa kukata uhusiano na wanyakuzi na kuunga mwingine na washirika, ushirika unadumu. Kukata na kuunga ndiko kunakofanyika pale kivulini, kwa maneno ya upole na mara nyingine ya ukali.

Steji ya kisiwani hakuna kivuli na hakuna kungoja. Tuktuk zinapita, zinashusha, zinanyakua, zinaondoka. Waliokuwa pale saa nne si waliopo saa tano. Umemkuta mtu ambaye hutamwona tena leo, na kesho ukimwona huna hakika kama ndiye. Kwa wanabiolojia kuna mfano wake, na ni mfano wa bakteria. Benjamin Kerr na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba aina tatu za bakteria, moja yenye sumu, moja inayostahimili sumu na moja inayodhurika nayo, ziliishi pamoja zilipoachwa kila moja na jirani zake kwenye sahani ya maabara. Zilipotiwa kwenye chupa na kutikiswa, ikabaki moja. Bakteria walikuwa wale wale. Mtikiso ndio uliofanya kazi.

## Mkutano wa mtaa

Haya yote yangebaki barazani kwangu kama si barua iliyopitishwa nyumba kwa nyumba mtaani kwetu. Vikundi vyetu vya usafi, ambavyo kila kimoja ni cha nyumba tatu au nne zinazotazamana, vinapendekezwa viunganishwe viwe kimoja. Mwekahazina mmoja, kundi moja la WhatsApp, mchango mmoja wa mwezi.

Nitapinga, na nitasema kwa nini. Kwenye kikundi chetu mama wa nyumba ya pembeni asipofagia, anaona nyuso tatu asubuhi inayofuata, na nyuso hizo ndizo zinazomshikia mtoto akienda Makadara hospitalini. Mchango wake kwetu na wetu kwake unarudi haraka, ndani ya uwa mmoja. Ukituweka nyumba hamsini pamoja, asiyefagia atakuwa amewakosea watu hamsini kidogo kidogo, na hakuna hata mmoja atakayekuwa amekosewa vya kutosha kumgongea mlango. Mwaka wa kwanza tutaambiana kwamba watu wa mtaa huu wameharibika.

Nitasema pia kwamba mtaro tuuondoe kwenye hesabu ya vikundi. Kwa mtaro ujirani hautusaidii, kila mmoja ataendelea kumsubiri mwenziwe. Hapo nitaunga mkono mchango mmoja wa nyumba zote na kijana wa kulipwa, mwenye koleo lake, aje kabla ya masika bila kusubiri nani kaona maji mlangoni.

Najua atakayesimama kunijibu. Ni mzee ninayemheshimu, alifanya kazi bandarini miaka mingi, na hoja yake nimeshaisikia dukani: gari la taka linatoza kwa safari, halitozi kwa nyumba, na vikundi vidogo vinalipa safari nyingi za gari lisilojaa. Hesabu yake ni sahihi, nimeifanya mwenyewe. Tofauti yetu ni kwamba yeye anazihesabu shilingi zinazookolewa mwezi wa kwanza, na mimi nahesabu ni nyumba ngapi zitakuwa bado zinachanga mwezi wa kumi na mbili. Nimemtumia ujumbe nikamwomba tukutane kabla ya mkutano, tuone kama gari moja linaweza kulipiwa na vikundi vyote, na kila kikundi kibaki kukusanya chake.

Amekubali. Ameniambia nije na daftari.